Jinsi sanaa ya jamii inavyowasaidia waliofiwa kuomboleza waathiriwa wa ghasia

WAHENGA walinena kuwa kifo cha wengi ni harusi. Walimaanisha kwamba balaa likiwapata watu wengi kwa pamoja, uzito wake hugawanyika na kila mmoja akabeba sehemu yake.

Hata hivyo, mauaji ya halaiki, ghasia za kisiasa na visa vya watu kutekwa nyara vimeipa methali hiyo maana nyingine iliyo chungu zaidi. Wanapouawa watu wengi kwa siku moja, mara nyingi kinachosalia ni idadi. Vyombo vya habari hutangaza idadi, serikali huipinga na tume huundwa kuichunguza, huku mama aliyempoteza mwanawe akibaki na jina ambalo hakuna anayelitaja.

Ni katika pengo hilo ambapo jamii nyingi duniani, Kenya ikiwa miongoni mwazo, zimegeukia sanaa. Watu ambao hawajawahi kukanyaga chuo cha uchoraji hushika sindano, brashi au mbao, wakakaa pamoja na kutengeneza kitu cha kuwakumbuka wapendwa wao.

Swali ni je, kazi ya aina hiyo humsaidiaje mfiwa, na mipaka yake ni ipi?

Msiba unapokosa utaratibu

Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, kifo kina utaratibu wake. Habari hupelekwa kwa jamaa, majirani hukusanyika, matanga hukaliwa, kaburi huchimbwa na baada ya siku kadhaa matanga huondolewa. Waislamu husoma hitima, na wapo wanaoadhimisha arobaini. Miongoni mwa Waluo, anapofariki mzee huwepo tero buru, desturi ya kuyafukuza mauti kutoka bomani.

Utaratibu huo si wa bure. Humpa mfiwa mahali pa kulia na watu wa kulia nao. Pia humwekea siku ambayo jamii inamruhusu kuanza kurejea katika shughuli zake.

Mauaji ya kikatili huuvuruga utaratibu huu. Huenda mwili usipatikane, au ukapatikana ukiwa hautambuliki. Huenda muuaji akawa jirani wa marehemu, au mtu mwenye mamlaka, hivi kwamba jamaa wakaogopa hata kulia hadharani. Isitoshe, kesi inaweza kukaa miaka bila kusikizwa, na wafiwa wakahisi kwamba kuondoa matanga ni sawa na kusamehe kabla ya kuombwa msamaha.

Hali huwa ngumu zaidi mtu anapotoweka. Mtaalamu wa Marekani, Pauline Boss, alianza kuichunguza hali hiyo katika miaka ya 1970, akizifuatilia familia za wanajeshi waliotoweka katika vita vya Vietnam. Alieleza kuwa msiba usio na hakika humfunga mfiwa pande zote mbili. Akimlilia aliyetoweka huhisi kwamba anamzika akiwa hai, na akiendelea kumngoja hushindwa kuishi.

Sanaa ya jamii huingia hapo. Sanaa hii ni tofauti na ile ya msanii mmoja anayetengeneza kazi yake ili iuzwe au ionyeshwe katika jumba la sanaa. Wanaoitengeneza ni wale wale walioathirika, wakisaidiwa na majirani, na thamani yake haipimwi kwa ustadi wa mkono.

Jambo lenyewe si geni katika nchi hii. Wagiriama na jamii nyingine za Wamijikenda wamekuwa wakisimamisha vigango, yaani nguzo za mbao ngumu zilizochongwa na kutiwa nakshi, kuwaenzi marehemu waliokuwa wanachama wa chama cha wazee cha Gohu. Kigango hakikuwa pambo. Kilikuwa makao ya roho ya mzee, na jamaa walikiendea kumpelekea shida zao. Waswahili nao wana mbolezi, nyimbo za kilio ambazo humpa kila aliyehudhuria msiba sehemu ya kuitikia.

Kutoka idadi hadi majina

Mfano wa karibu ni ule wa mwaka 2015. Mnamo Aprili 2, 2015, magaidi wa Al-Shabaab walivamia Chuo Kikuu cha Garissa na kuwaua watu 148, wengi wao wakiwa wanafunzi.

Katika siku za kwanza, idadi ya 147 ndiyo iliyotajwa kila mahali. Vijana wakaanzisha kampeni katika mitandao ya kijamii wakisisitiza kwamba 147 haikuwa nambari tu. Walianza kuchapisha majina ya waliouawa, picha zao, masomo waliyokuwa wakisomea na ndoto walizokuwa nazo.

Wiki iliyofuata, umati ulikusanyika katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi. Waombolezaji waliwasha mishumaa na kusimamisha misalaba ya mbao kwenye nyasi ili kuwawakilisha waliouawa. Mtu aliyepita hapo hakuhitaji kusoma takwimu. Alitembea katikati ya misalaba na kuona kwa macho yake ukubwa wa msiba.

Tendo hilo lilikuwa sahili, wala halikuhitaji mchongaji stadi. Lakini lilitimiza jambo ambalo hotuba za viongozi hazikulitimiza, kwani liliigawa idadi hiyo kubwa mtu mmoja mmoja.

Akina mama wa Chile na vipande vya gunia

Pengine hakuna mahali ambapo sanaa hii ilifanya kazi kwa muda mrefu na katika hali ya hatari kama nchini Chile, Amerika Kusini.

Mnamo Septemba 11, 1973, jeshi likiongozwa na Jenerali Augusto Pinochet lilimpindua Rais Salvador Allende. Utawala wa kijeshi uliofuata ulidumu hadi mwaka 1990. Watu zaidi ya 3,000 waliuawa au kutoweshwa, na maelfu ya wengine wakateswa katika vizuizi vya siri.

Wake, mama na dada za waliokamatwa walizunguka katika vituo vya polisi, hospitali na vyumba vya kuhifadhia maiti. Kila walikofika waliambiwa kuwa mtu huyo hajulikani. Wengi walikuwa wakazi wa mitaa maskini ya jiji kuu la Santiago, na kwa kuwa waliotoweka ndio waliokuwa wakileta riziki, njaa nayo ilibisha hodi.

Kuanzia mwaka 1974, wanawake hao walianza kukusanyika katika karakana zilizosaidiwa na kamati ya makanisa. Kamati hiyo ilipolazimishwa kufungwa mwishoni mwa mwaka 1975, Kadinali Raúl Silva Henríquez alianzisha ofisi nyingine chini ya Kanisa Katoliki mnamo Januari 1976, iliyojulikana kama Vicaría de la Solidaridad. Kazi ikaendelea.

Walichotengeneza kiliitwa arpillera, neno la Kihispania lenye maana ya kitambaa cha gunia. Mwanamke alichukua kipande cha gunia la unga, akakishonea viraka vya nguo kuukuu na kuvizungushia nyuzi za sufu hadi picha ikatokea. Vidoli vidogo vya kitambaa vilishonewa juu yake kuwa watu. Mara nyingi nyuma yao ilionekana milima ya Andes, na jua likiangaza juu.

Kwa mbali, kitambaa hicho chenye rangi za kupendeza kilifanana na mchezo wa mtoto. Aliyekikaribia aliona mambo mengine: askari wakimtoa mtu nyumbani, foleni ya wanawake mbele ya gereza, sufuria kubwa ya chakula cha mtaa mzima au akina mama walioshika picha za waume zao huku wakiuliza wako wapi. Nyingine zilionyesha tanuri za chokaa za Lonquén, ambako miili ya wanaume 15 ilipatikana mwaka 1978.

Baadhi ya wanawake walitumia vipande vya mavazi ya jamaa zao waliotoweka. Kwa mke asiyekuwa na kaburi la kuweka maua, shati la mumewe lilipata mahali pa kukaa.

Vitambaa hivyo vilinunuliwa na ofisi hiyo ya kanisa na kusafirishwa ng'ambo kwa siri, ambako viliuzwa kwa watu waliounga mkono haki za binadamu. Hivyo sindano iliyotumiwa kuomboleza ilileta pia mkate mezani, na ikapeleka habari ambazo magazeti ya Chile hayangethubutu kuchapisha.

Kazi hiyo ilikuwa na hatari zake. Vyombo vya habari vilivyoegemea upande wa serikali viliishutumu kuwa ni uchochezi dhidi ya taifa, na wanawake walilazimika kuficha vitambaa vyao walipokuwa njiani.

Sanaa ya akina mama hao haikuishia katika kushona. Mwaka 1978, jamaa za waliotoweka walipanda jukwaani jijini Santiago kucheza cueca, ngoma ya taifa ambayo kwa desturi huchezwa na mwanamume na mwanamke. Kila mwanamke alicheza peke yake, picha ya aliyetoweka ikiwa kifuani. Hapakuwa na haja ya kueleza ni nani aliyekosekana.

Leo baadhi ya vitambaa hivyo vimehifadhiwa katika Makavazi ya Kumbukumbu na Haki za Binadamu jijini Santiago, yaliyofunguliwa mwaka 2010.

Mgeni anapoombwa kushona

Mbinu ya sindano na uzi imetumiwa pia nchini Mexico, lakini kwa namna tofauti kidogo. Nchini Chile walioshona walikuwa hasa wafiwa wenyewe. Nchini Mexico, hata mpita njia alialikwa kuketi.

Mwaka 2011, wakati ambapo maelfu ya watu walikuwa wakiuawa katika vita dhidi ya walanguzi wa dawa za kulevya, mshairi Javier Sicilia aliyempoteza mwanawe aliongoza maandamano ya kudai amani. Kutokana na vuguvugu hilo, makundi ya raia yalianza kukutana katika viwanja vya miji na kutarizi leso nyeupe. Kila leso ilibeba kisa cha mtu mmoja, jina lake likijulikana, na jinsi alivyouawa.

Uzi mwekundu ulitumiwa kwa waliouawa. Baadaye jamaa za waliotoweka walichagua uzi wa kijani, rangi ya matumaini, kwa sababu hawakuwa tayari kusema kwamba wapendwa wao wamekufa. Leso zilitundikwa kwenye kamba kama nguo zilizoanikwa, watu wakapita katikati yake wakisoma.

Kumtarizia mtu usiyemjua sentensi mbili au tatu huchukua saa nyingi. Msomaji wa gazeti huipitia habari ya kifo kwa nusu dakika. Mshonaji hulazimika kukaa na kila herufi ya jina la marehemu, na huo muda ndio heshima anayompa.

Kwa nini husaidia

Ukitazama mifano hii kwa pamoja, unaweza kutambua mambo kadhaa yanayoifanya sanaa ya jamii kuwa na nguvu wakati wa majonzi.

Kwanza, hurejesha jina. Aliyeuawa huacha kuwa sehemu ya takwimu, akawa tena mwana wa fulani, fundi wa viatu au mwanafunzi wa mwaka wa pili.

Pili, huweka mahali. Familia isiyo na kaburi hupata kitambaa, ukuta, mti au msalaba wa kuuendea. Ndiyo maana ukuta wenye majina ya waliouawa katika shambulio la bomu la Agosti 7, 1998 jijini Nairobi, ambapo watu 213 walifariki, huendewa kila mwaka na jamaa wanaotafuta jina moja tu miongoni mwa mengi.

Tatu, hutoa kazi ya mikono. Mtu aliyeshikwa na kiwewe huenda asiweze kusimulia yaliyompata akiulizwa ana kwa ana. Akiwa anashona au kupaka rangi, macho yake yakiwa kwenye kazi, maneno huweza kutoka polepole. Hata yasipotoka, hakuna anayemlazimisha, kwa kuwa kazi inaendelea.

Nne, huleta wenzi. Mjane anayedhani kuwa ni yeye pekee aliyepatwa na balaa hukaa kando ya mwingine mwenye kisa kama chake. Hapo ndipo ile methali ya kifo cha wengi hurudia maana yake ya awali, kwamba mzigo ukishikwa na wengi hubebeka.

Tano, huacha ushahidi. Kitambaa au mchoro husema kuwa jambo hili lilitendeka, hata pale wenye mamlaka wanapokana.

Kenya na majeraha ya 2007/08

Ghasia zilizozuka baada ya uchaguzi mkuu wa Desemba 2007 zilisababisha vifo vya watu 1,133 kwa mujibu wa Tume ya Waki, huku mamia ya maelfu wakifurushwa makwao.

Moto ulipokuwa ukiwaka, msanii Solomon Muyundo, maarufu kama Solo 7, alizunguka mtaani Kibera akiandika wito wa amani kwenye kuta na vibanda. Huo ulikuwa wito wa kuzuia maafa zaidi. Kuomboleza kulihitaji muda.

Mwaka 2009, mpigapicha wa habari Boniface Mwangi, aliyekuwa amenasa ghasia hizo kwa kamera yake, alianzisha Picha Mtaani. Picha za mauaji, nyumba zilizoteketezwa na wakimbizi zilizungushwa katika miji mbalimbali na kuonyeshwa barabarani, ambako mwuza mboga na mwanafunzi wangeweza kuzitazama bila kulipa.

Picha zenyewe zilikuwa kazi ya mtaalamu. Kilichozifanya kuwa sanaa ya jamii ni yale yaliyotendeka mbele yake. Watu wa makabila yaliyokuwa yamepigana walisimama bega kwa bega wakitazama walichotendeana, na mijadala ikaanza. Wapo waliolia na wapo waliokasirika kwamba vidonda vyao vilikuwa vikitoneshwa.

Hasira hiyo haikuwa ya kupuuzwa. Inafunza kwamba kumbukumbu isiyomtayarisha mtazamaji yaweza kumrejesha katika hofu aliyokuwa ameanza kuiepuka.

Sanaa si mahakama

Ni muhimu kutambua kuwa sanaa haiwezi kuchukua nafasi ya haki. Nchini Chile, Vicaría ile ile iliyonunua vitambaa ilikuwa na mawakili waliowasilisha maelfu ya maombi mahakamani kuwatafuta waliokamatwa. Wengi wa majaji wa enzi hiyo waliyatupilia mbali, lakini hati zilihifadhiwa na zilitumika katika kesi miaka mingi baadaye. Kushona na kushtaki vilikwenda sambamba.

Hata hivyo, Pinochet alifariki Desemba 2006 bila kuhukumiwa. Serikali ya Chile ilipozindua mpango wa kitaifa wa kuwatafuta waliotoweshwa mwaka 2023, ilitaja watu 1,469, na wengi wao walikuwa hawajapatikana nusu karne baada ya mapinduzi.

Nchini Kenya, kesi za ghasia za 2007/08 katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) zilisambaratika kati ya 2014 na 2016 bila yeyote kupatikana na hatia ya mauaji hayo. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliwasilisha ripoti yake Mei 2013 ikipendekeza fidia na minara ya kumbukumbu. Mnamo Machi 2015 serikali ilitangaza hazina ya Sh10 bilioni kwa waathiriwa wa dhuluma za kihistoria, lakini walio wengi walisalia kungoja.

Katika hali kama hiyo, mchoro ukutani unaweza kugeuzwa kisingizio. Kiongozi akizindua mnara, kupigwa picha na kuondoka, familia hubaki ikiuliza ni nani aliyefyatua risasi.

Hatari nyingine ni kumbukumbu kutwaliwa na wasio wenyewe. Vigango vya Wamijikenda ni ushahidi tosha. Kwa miaka mingi viliibwa na kuuzwa kwa wakusanyaji wa sanaa, na vingi vikaishia katika majumba ya makavazi ya Marekani. Mwaka 2007, familia moja ya Wagiriama ilirejeshewa vigango vyake viwili vilivyoibwa katika miaka ya 1980. Aliyevisimamisha kuwaenzi nduguze alikuwa amekwisha kufariki. Kwa mnunuzi vilikuwa mapambo ya sebuleni, ilhali kwa wenyewe kuibwa kwake kulikuwa kama kufukuliwa kwa kaburi.

Mambo ya kuzingatia

Kutokana na hayo, kundi linalonuia kuanzisha kazi ya aina hii mtaani au kijijini lina mafunzo ya kufuata.

Familia za waliouawa ziulizwe kwanza, tena zipewe nafasi ya kukataa. Wapo wasiotaka jina la mpendwa wao liandikwe ukutani, na wana haki hiyo. Majina yathibitishwe na kuandikwa kwa usahihi, kwa kuwa jina likikosewa ni kama marehemu amepotezwa mara ya pili.

Vifaa viwe vile vilivyopo. Leso, gunia, mabati na rangi iliyosalia vinatosha, na huwafanya wote kujihisi kuwa wanaweza kushiriki. Washauri nasaha au viongozi wa dini wawe karibu kwa ajili ya watakaolemewa. Aidha, iamuliwe mapema ni nani atakayeitunza kazi hiyo, na ni nani mwenye idhini ya kuiuza, kuipiga picha au kuihamisha.

Suala hili lingali na uzito nchini. Baada ya maandamano ya vijana ya mwaka 2024, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu (KNCHR) ilirekodi vifo visivyopungua 60. Kufikia Desemba mwaka huo, ilikuwa imerekodi pia visa 82 vya watu kutekwa nyara tangu Juni, 29 kati yao wakiwa bado hawajulikani waliko. Mnamo Julai 7, 2024, tamasha la kuwakumbuka waliouawa liliandaliwa Uhuru Park. Juni 25, 2025, jamaa waliweka maua kwenye vizuizi vya barabara inayoelekea Bunge, siku ambayo watu wengine zaidi waliuawa.

Maua hunyauka na barabara hufunguliwa kesho yake. Wanawake wa Chile walishona kwa zaidi ya miaka 15 kabla ya serikali kukiri yaliyotendeka, na kazi zao zikawa zingali zipo siku ukweli uliposomwa hadharani mwaka 1991. Kwa familia za Kenya zinazongoja kesi zisikizwe, kitambaa chenye jina lililoandikwa sawasawa kinaweza kutunzwa hadi siku hiyo ifike.